Eda ya Karatasi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Nilijifunza ukubwani, katika darasa la kina mama, na mwalimu wetu, binti mdogo mwenye haraka, alinikemea nihamishe kalamu mpaka nilipomwonyesha ule wa kulia. Hakurudia tena. Mkono wa kulia ninao, lakini vidole vyake vinne vimekunjamana na vikakaa hivyo hivyo tangu miaka ya vita, na habari zake ni habari za kisima cha kamara.

Kamara ndiyo tuliyoiita ofisi ya mji enzi za Wareno. Vita vilipochanganya, walitukusanya, watu wa pwani na watu wa mashambani, wakatuweka pamoja ndani ya uzio wa miti. Visima vyetu vya zamani wakavifukia, wakidai kwamba wapiganaji wa msituni wanavinywea. Kikabaki kisima kimoja tu, cha kamara, chenye kifuniko cha chuma na kufuli. Mlinzi alikifungua asubuhi na alasiri. Kifuniko kile kilikuwa na mnyororo wa kukishikilia kikiwa wazi, nao ukakatika. Mlinzi akakiegemeza kwenye gogo. Tulimlalamikia, akasema amekwisha peleka habari. Tukaenda kamara wenyewe, wanawake saba, tukaambiwa fundi yuko bandarini. Tukarudi, tukalizoea lile gogo. Kitu kibovu cha serikali unakizoea, mpaka siku kitakapokuangukia.

Siku ile nilikuwa nimeinama kunasua kamba iliyokwama kwenye ukingo. Watu walikuwa wanasukumana foleni, ndoo ya mtu ikagonga gogo. Sikusikia maumivu mara moja. Nilisikia kishindo, nikaona wenzangu wananitazama mimi badala ya kukitazama kifuniko.

Mimi nilikuwa msukaji. Ukili wangu ulikuwa mwembamba kuliko wa mtu yeyote pale mjini, nasema hivyo bila haya kwa sababu sasa haunisaidii kitu, na mikeka yangu ilitandikwa kwenye arusi za watu hadi Mbau. Kusuka kunataka vidole vyote kumi. Muuguzi wa zahanati alivifunga vile vinne kwa vijiti na kitambaa, akaniambia bila kuzunguka.

"Miye hapa sina kitu cha kufanya. Hivi vinataka hospitali kubwa ya kusini, wavipange upya kabla mfupa haujashikana. Usikae muda mrefu."

Kusini ilikuwa kusema tu. Barabara ilikuwa imetegwa mabomu. Njia ilikuwa meli ya serikali, iliyopita mara moja kwa mwezi ikachukua askari na watu wenye cheti cha kamara. Kwa hiyo sikwenda kudai fedha. Nilitaka waandike kwamba kisima ni chao, kifuniko ni chao, na mkono uliovunjika ni wangu, halafu wanipandishe melini.

Karani wa kamara alikuwa mwenyeji, Mwislamu mwenzetu, mtu wa pwani hasa, aliyepata Kireno chake kwa mapadri bila kuacha swala zake. Yeye ndiye aliyempelekea maneno yetu mkubwa wa kamara, Mreno mmoja ambaye hatukumwona ila kisogo chake dirishani, na yeye ndiye aliyeandika mashtaka na maombi. Alikuwa mpole. Hata leo sina neno baya la kumsema, na hilo ndilo linaloniudhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akautazama mkono, akasikitika.

"Dada, haki unayo," alisema. "Lakini mwanamke mwenye mume hadai kamara peke yake. Sheria yao hiyo, si yangu. Mwambie bwana aje atie sahihi."

"Nitamwambia," nikajibu, nikaondoka.

Neno lile moja ndilo lililonifunga. Mume wangu hakuwepo wa kuambiwa. Alikuwa amevuka Ruvuma tangu vita vilipoanza, na kwa namna alivyoaga hatukuwa na shaka amekwenda kujiunga na wapiganaji. Hakuna aliyelitamka jambo hilo mjini kwetu, hata chini ya mto wa kulalia. Nyumba ambayo mume hayupo bila cheti cha safari ilivamiwa na askari, na waliochukuliwa kuhojiwa hawakurudi na sura zao. Kwa hiyo tulimficha mume wangu kwa kumwonyesha. Kila mara askari walipowapanga wanaume kuwahesabu, shemeji yangu, mdogo wake, aliitika jina lake mwenyewe kwenye mstari wa kwanza, kisha akapita nyuma ya soko, akabadili kofia na shati, akaitika jina la kaka yake kwenye mstari wa mwisho. Walifanana, na askari wale walituona sote sura moja. Katika hesabu ya mwisho, mwezi mmoja kabla ya mkono wangu kuvunjika, mume wangu alikuwepo, mzima, na kofia ya kijani.

Tulikaa kikao nyumbani, watu wanne: mimi, mama mkwe wangu, shemeji, na nahodha mmoja mzee, jirani yetu, ambaye tulimwamini. Tulizigeuza hila zote. Shemeji atie sahihi kama yeye ndiye mume? Karani si askari, anawajua wote wawili tangu utoto, na alikuwa akicheza bao na mume wangu, kabla hatujaanza kumwambia yeye na mji mzima kwamba siku hizi bwana yuko baharini usiku na mchana. Tuseme amesafiri? Cheti chake kiko wapi? Tuseme ameniacha? Wataniuliza yuko wapi huyo aliyeniacha. Kila mlango tuliougusa ulifungukia kwa askari. Ndipo nahodha akasema taratibu kwamba mtu mmoja tu haulizwi yuko wapi, naye ni maiti aliyekufa maji.

Mama mkwe akanyanyuka.

"Semeni mnavyotaka," alisema. "Miye msinitie. Sitamzika mwanangu kwa ulimi."

Akaenda uani akakaa na kinu chake. Sisi tukaendelea, na tulikuwa mafundi. Tulipanga kila kitu. Kwa kuwa amehesabiwa mwezi uliopita, na kwa kuwa mimi mwenyewe nimemwambia karani kwamba nitamwambia, ilibidi afe wiki hii hii. Nahodha alikuwa na mtumbwi mbovu. Akausukumia mwambani ili uokotwe umepinduka. Hadithi ikawa hii: mume wangu alikwenda kuvua upande wa kisiwa cha Vamizi, bahari ikachafuka, mwili haukuonekana. Shemeji na nahodha watakuwa mashahidi wawili. Mambo yote ya Wareno tuliyafikiria mpaka kwenye fundo la kamba. Mambo yetu wenyewe hatukuyafikiria hata kidogo.

Siku ya tatu tulikwenda kamara. Shemeji alitoa ushahidi macho yake yakiwa chini, na karani akadhani ni huzuni. Nahodha alieleza upepo na mawimbi vizuri kiasi kwamba nilikaribia kuamini. Karani aliandika, kisha akanisogezea kitabu kikubwa cha vifo na kidau cha wino. Nikaweka dole gumba la kushoto. Niliona machozi yamemtoka, akavua kofia yake, akasema inna lillahi.

"Dada yangu, hukupaswa hata kufika hapa," alisema. "Rudi nyumbani. Shauri lako la mkono niachie miye."

Nilirudi nikiwa mwepesi. Nilijiambia, sasa mimi ni mjane, na mjane anajidai mwenyewe. Nilikuwa bado sijavua buibui nilipoanza kuwasikia wanawake njiani. Karani alikuwa ameondoka kamara moja kwa moja mpaka msikitini, akatangaza msiba wa rafiki yake. Kabla ya alasiri uwanja wetu ulijaa. Masufuria yakaja, kuni zikaja, mchele ukaja. Shangazi zake mume wangu walinikamata mabega, wakanivua bangili na hereni, wakanivika nguo nyeupe, wakanikalisha mkekani chumba cha ndani, uso ukutani. Mmoja akaninong'oneza kwa huruma kabisa, "Tulia mwanangu. Miezi minne na siku kumi si mingi."

Hapo ndipo nilipofahamu. Nilikuwa nimejiingiza edani.

Naomba msomaji anielewe. Kwetu eda si jambo la kujitakia wala la kukataa. Mjane anakaa ndani. Hajipambi, hajipaki wanja, hachekelei na watu barazani, haendi sokoni, haonekani njiani. Mji mzima unakulinda, na mji mzima unakuchunga. Kama tungesema mume wangu amekufa mwaka uliopita, eda ingekuwa imekwisha pita. Lakini alikuwa amehesabiwa, na nilikuwa nimesema nitamwambia. Nilikaa pale nikahesabu kwa vidole vya kushoto, nikarudia kuhesabu, na hesabu haikubadilika. Mfupa ungeshikana kabla sijatoka.

Nililia. Wageni walisema nalia kama mtu aliyempenda mumewe, na ilikuwa kweli, lakini nilikuwa nalilia mkono. Aliyewashangaza ni mama mkwe. Alikaa uani mgongo umeelekea watu, akikuna nazi moja baada ya nyingine, na kila aliyemwendea na pole alijibu, "Sina msiba." Walisema huzuni imempanda kichwani. Usiku alipokuja kunifungua kitambaa cha mkono aliniambia kwamba kumlilia mtu hai ni kumwita Izraili kwa jina, na kwamba lolote litakalompata mwanawe nitakuwa nimelipiga mhuri mimi.

Mwalimu wa msikiti tulimweleza ukweli, kwa sababu alitakiwa kusoma hitima na tuliogopa kumbebesha dhambi bila yeye kujua. Alipangusa miwani yake kwa ncha ya kanzu. Akasema hawezi kumwombea rehema za maiti mtu aliye hai, na hawezi kuacha kusoma, maana karani atakaa safu ya mbele. Siku ya hitima alisoma kwa ajili ya waliokufa wote wa nyumba ile, tangu mababu, bila kutaja jina. Hakuna aliyegundua. Nikamuuliza suala langu: kitabu kinasemaje juu ya mjane mgonjwa?

"Kitabu kinaruhusu," alisema. "Matibabu ni dharura. Hata mjane wa kweli angetoka."

Nikamwomba akamwambie karani hivyo. Alikwenda siku ile ile. Aliporudi, uso wake ulinieleza kabla ya mdomo. Karani alikuwa amekwisha nifanyia wema mkubwa zaidi. Mkubwa wa kamara alitaka kuuona mkono mwenyewe, kwa macho yake, ofisini, ndani ya wiki mbili, ndipo aweke sahihi. Karani akamweleza kwamba wanawake wetu waliofiwa hawatoki, kwamba ni jambo la heshima na dini, na kwa kumsihi sana akamfanya alisogeze shauri mpaka eda iishe. Mreno alikubali upesi. Kulisogeza jambo mbele hakujawahi kumchosha mtu wa ofisi.

"Nikamwambia kitabu kinaruhusu," mwalimu alisema. "Akanijibu, 'Mwalimu, najua. Lakini watu watasema nini? Mke aliyefiwa kweli ana haraka gani ya kupanda meli?' Alisema kwa nia njema. Lakini alisema 'kweli'."

Basi hatukumrudia tena karani. Nilikuwa nimebanwa na watu waliokuwa wananiheshimu. Askari wangenikamata kwa ubaya, ningejua wa kumchukia. Hawa walinikamata kwa uji wa moto, kwa pole, kwa kunitandikia godoro, na kila kheri waliyonifanyia ilikaza kamba. Meli ya kwanza ilipiga honi nikiwa mkekani. Nikaisikia ya pili. Ya tatu ilipopita nilikuwa naweza kugonga vile vidole kwenye ukuta bila kuumia sana, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu, maana nilijua maumivu yanapoondoka mfupa umekwisha amua.

Katikati ya eda alikuja mwanamke wa Nhica, kule karibu na Ruvuma, muuza vyungu, aliyeruhusiwa kupita kwa kuwa askari walinunua vyungu vyake. Aliingia mpaka chumba cha ndani kunipa pole, na alipobaki nami peke yangu akaniinamia sikioni. Mume wangu ananisalimu. Yuko mzima, ameonekana ng'ambo. Anasema nisisahau kuezeka upande wa jikoni kabla mvua hazijaanza.

Nilikuwa nimevaa nyeupe, sijapaka mafuta nywele zangu wiki kadhaa, na marehemu ananiagiza makuti! Nilijiziba mdomo kwa upande wa kanga. Mama mkwe alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini, tukacheka wote wawili kwa mara ya kwanza tangu kisima, bila sauti, mabega yakitetemeka, na wageni wa barazani wakasema masikini, wanalia tena. Nilimkasirikia pia, kusema kweli. Yeye alikuwa huru ng'ambo, anafikiria paa. Mimi nilikuwa ndani ya paa hilo.

Eda ilikwisha. Wanawake walinipeleka kuoga, nguo nyeupe zikagawiwa, nikafukizwa udi. Siku ya pili nilikwenda kwa muuguzi. Alivigeuza vidole, akavivuta, nikapiga kelele. Akasema vimeshikana vibaya, lakini kusini wako madaktari wanaovunja upya na kupanga upya, na kwamba angekuwa yeye angekwenda kwa meli inayofuata. Nilimshika mguu kwa furaha. Nilikuwa sijui kama tumaini linaweza kubaki dogo namna ile na bado likatosha.

Nilipofika nyumbani nilimkuta dada yake karani amekaa barazani na mama mkwe, kifurushi cha kitambaa kizuri kikiwa magotini mwake. Tulisalimiana, tukaulizana hali za watoto wa watu. Kisha akaanza. Kaka yake alifiwa na mke miaka miwili nyuma. Kaka yake ameniona nilivyoikaa eda yangu, kwa adabu, bila kuchungulia hata dirishani, na moyo wake umependa. Amemtuma alete posa. Shauri langu liko mezani tayari, meli inakuja wiki ijayo, na mke wa mtu wa kamara hahitaji kusubiri mkubwa amwone mkono. Atapanda tu, na mumewe atamsindikiza.

"Mwenzangu, mwenyewe anasema hataki jibu la haraka," alisema. "Ila meli ndiyo hiyo."

Aliweka kifurushi mkekani, karibu na goti langu.

Mpaka leo naweza kuona rangi ya kitambaa kile. Nilikuwa mke wa mtu. Nikikubali, nitaolewa juu ya ndoa, na kila siku nitakayokaa na karani itakuwa zinaa, na mume wangu yuko hai ananiagiza makuti. Nikikataa, ninakataa kwa sababu gani? Mjane aliyemaliza eda, hana mtoto, mkono mmoja, anamkataa mtu mwema, mwenye kazi, Mwislamu, anayemtibu? Karani hakuwa mjinga. Alikwisha kusema "kweli" mara moja. Angekaa na jibu langu jioni moja, angekumbuka mtumbwi mbovu wa nahodha, angekumbuka shemeji na macho yake chini, na hata kama yeye asingetusema, angelazimika kujua, na kujua tu kulitosha kumuua mtu miaka ile.

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Aliweka ungo chini.

"Mwanangu amekufa," alisema.

Hakuwahi kulisema. Miezi yote ile hakuwahi. Dada yake karani aliitikia, Mungu amrehemu.

"Mwanangu amekufa, na mkewe ni wa nyumba hii," mama mkwe aliendelea, sauti yake kavu kabisa. "Siye kwetu mke wa kaka hurithiwa na mdogo mtu. Tumekwisha sema naye. Nenda kamwambie kaka yako tumemshukuru, lakini amechelewa."

Mgeni alikunja kitambaa chake. Hakukasirika. Desturi aliijua, na jibu lilikuwa la heshima. Ndiyo maana mama mkwe alilichagua. Alituaga vizuri, akashuka baraza. Mama mkwe alimsindikiza kwa macho mpaka kona, kisha akaenda uani. Nilimfuata. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya choo, ameuma kanga yake, na kilio kilichokuwa kinamtoka sikuwahi kukisikia hata katika matanga yale ya uongo. Nilimshika kwa mkono mzima na kwa mkono mbovu. Alinisukuma. Baadaye akanivuta.

Karani hakutulipizia kisasi. Alifanya kazi yake tu. Kwa kuwa mimi sasa nina mume mwingine, aliandika kitabuni kwamba nimerithiwa na shemeji, na akanitumia habari kwamba shauri lililofunguliwa na mjane haliwezi kuendelea kwa mwanamke mwenye mume. Lianze upya, na sahihi ya mume. Shemeji alikuwa tayari kutia sahihi, masikini, alikuwa amezoea kuwa watu wawili. Lakini mkewe alikuwa ameacha kunisemesha, maana huko sokoni walimpongeza kwa kupata mke mwenzake, na sisi hatukuthubutu kumweleza. Nilikwenda kamara mpaka mlangoni. Nikamwona karani ameinamia makaratasi yake, na kitabu kikubwa kiko rafuni nyuma yake, na nikajua kwamba kila nikiingia mle ndani natoka na dole gumba langu limeweka uongo mwingine. Nikageuka. Meli ilipopiga honi nilikuwa nateka maji kwa mkono mmoja. Mnyororo wa kisima ulikuwa umetengenezwa.

Vita vikaisha. Bendera ikabadilika, kamara ikapakwa rangi, waliovuka wakaanza kurudi. Walirudi kwa makundi, kwa malori, kwa miguu, wengine na wake wa kule na watoto wanaosema lafudhi ya kule. Mama mkwe alikaa barazani kila siku mpaka malori yakaisha. Shemeji alikuwa amefariki kwa homa, nahodha na mwalimu wa msikiti walikuwa wamefariki kwa uzee, mkewe shemeji alikuwa amerudi kwao, na karani alikuwa ameondoka, wengine walisema amekwenda Zanzibar. Tukasikia kwamba ofisi inaandikisha majina ya waliokwenda msituni na hawajarudi, wapate kutafutwa, na wazee wao watambuliwe.

Tulikwenda pamoja, mimi na mama mkwe, nikimshika kiwiko. Masikio yake yalikuwa mabovu tayari. Aliyekuwa mezani alikuwa kijana mstaarabu, aliyekuja na serikali mpya, akatupa kiti. Nikampa jina la mume wangu. Aliandika vizuri, halafu, kwa kuwa alikuwa mtu makini, akanyanyuka akateremsha kitabu kile kile kutoka rafuni. Walikuwa wamekihifadhi. Alipekua, akasoma kidole kikishuka mstari kwa mstari, kikasimama.

"Mama," alisema, "huyu alikufa maji. Upande wa Vamizi. Kuna mashahidi wawili."

Nikamweleza. Nilimweleza yote, kisima, karani, eda, muuza vyungu, na nilipomaliza nilikuwa nahema. Alinisikiliza kwa heshima.

"Mashahidi hao wapo?"

"Wamekufa."

"Na huyu aliyekurithi?"

"Hakunirithi. Naye amekufa. Ni yeye huyo shahidi."

Alitazama kitabu tena, akanitazama. Hakuwa na ubaya. Alisema ofisi yake inatafuta wapiganaji, na kitabu kinasema huyu alikuwa mvuvi. Alisema watu wengi sasa wanakuja na majina, na yeye hana cha kushika ila maandishi. Kisha akaniuliza, polepole, kama mtu anayeomba msamaha, nilikuwa nasema uongo siku ile au leo.

Alama ya dole gumba langu ilikuwa pale, mistari yake yote ikionekana, wino haujafifia. Kijana alikata jina kwenye karatasi yake mpya, kwa mstari mmoja ulionyooka, akafunga kitabu.

Tulitoka nje kwenye jua. Mama mkwe alisimama kwenye ngazi akanivuta shingo nimsemee sikioni.

"Wamesemaje?"

"Wamesema watamtafuta, mama."

"Umewaambia ana kovu chini ya kidevu?"

"Nimewaambia."

"Upande gani?"

"Wa kushoto."

"Wa kulia," alisema kwa ukali. "Rudi ndani ukawaambie ni wa kulia."